Watu 88 wa Barrow, na Swali la Nani Kaomba Utafiti

Januari 1980, mji wa Barrow huko ncha ya kaskazini kabisa ya Alaska ulikuwa katika majuma yake ya giza, yale ambayo jua halichomozi. Wakati huo ndipo wakazi wake walipoanza kusikia habari zao wenyewe zikitoka mbali. Magazeti ya Marekani, likiwemo lile kubwa la New York, yaliandika kwamba Wainupiat, wenyeji wa mji ule, wamezama kwenye ulevi kiasi kwamba ni kama wanajiua kwa pamoja. Ikatajwa kwamba asilimia 72 ya waliohojiwa kwenye utafiti mmoja wa pombe mjini humo ni walevi. Taarifa ya awali ilikuwa imetolewa Philadelphia, kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, maelfu ya kilomita kutoka kwenye nyumba zilizokuwa zikizungumziwa.

Mimi nimekula ugali wa kudodosa watu. Nimebeba madodoso ya malaria, ya lishe, ya uzazi, na ya pombe pia. Kisa cha Barrow nilikutana nacho kwenye mafunzo ya maadili ya utafiti, kikiwa kimefupishwa kuwa aya tatu chini ya kichwa kinachozungumzia unyanyapaa. Mkufunzi akasoma, tukaitikia kwa vichwa, tukaenda kunywa chai. Aya tatu hazikunitosha, nikaanza kukifuatilia, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba kosa la Barrow halikuwa pale tulipofundishwa kulitafuta.

Tuanze na mji wenyewe. Mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay mwaka 1968, upande wa mashariki wa Barrow, kwenye pwani hiyohiyo ya Bahari ya Aktiki. Mwaka 1971 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska, na mwaka uliofuata Wainupiat wakaunda serikali yao ya mitaa, North Slope Borough, chini ya meya wao wa kwanza, Eben Hopson. Serikali hiyo iliyatoza kodi makampuni ya mafuta na kukopa kwa hati fungani ili kujenga shule, zahanati na nyumba. Bomba la mafuta likakamilika 1977. Fedha ikaingia kwa kasi, na pombe ikaingia nayo. Watu walikufa kwa baridi wakiwa wamelewa, wengine kwa ajali, wengine kwa ugomvi. Hakuna mwenyeji aliyekuwa akilikana hilo, na hapo ndipo hadithi inapokuwa ngumu, maana utafiti ule haukubuniwa na mzungu mmoja mwenye chuki aliyekaa ofisini kwake kutunga uongo.

Uliombwa na idara ya usalama wa umma ya serikali ileile ya North Slope, yaani polisi. Mwaka 1979 idara hiyo ikaajiri kampuni ya washauri, na washauri wakawachukua watafiti wa chuo kikuu, wakiongozwa na mwanasosholojia Samuel Klausner na daktari wa akili Edward Foulks. Kamati ya kuusimamia ilijaa wakuu wa idara na wataalamu, wengi wao wageni katika mji ule. Kwa hiyo mtu akisema wenyeji walishirikishwa, kwenye karatasi yuko sahihi: serikali yao ndiyo iliyolipa. Ila mwenye swali alikuwa polisi, na polisi huuliza maswali ya polisi.

Sasa twende kwenye hiyo asilimia 72, kwa sababu hapa ndipo kazi yangu inaponisaidia kuona.

Waliohojiwa walikuwa watu 88. Ukipiga hesabu, asilimia 72 ya watu 88 ni kama watu 63. Watu 63 wakageuka kuwa habari ya kabila zima. Kipimo kilichotumika kinaitwa MAST, kilichotungwa Michigan na daktari Melvin Selzer na kuchapishwa mwaka 1971. Kina maswali ya ndiyo na hapana, na kila jibu lina alama zake. Kwa mizani ya awali, ukifikisha alama tano wewe unahesabiwa mlevi.

Ukiyasoma maswali yenyewe polepole utaona jambo. Mengi yanauliza kama jambo fulani limewahi kukutokea, bila kujali lini. Je, umewahi kwenda kwa mtu kutafuta msaada kuhusu unywaji wako? Alama tano. Umewahi kuhudhuria mkutano wa chama cha walevi wanaoacha pombe? Alama tano. Maana yake, mama aliyeacha pombe miaka kumi iliyopita kwa msaada wa wenzake, na tangu hapo hajagusa tone, anaandikwa mlevi kwa jibu moja tu. Umewahi kushikwa na polisi, hata kwa saa chache, kwa sababu ya ulevi? Alama mbili. Na polisi wa Barrow walikuwa na utaratibu wa kumweka ndani mtu aliyelewa mpaka pombe imtoke, maana kule ukimwacha nje usiku hutamkuta hai asubuhi. Utaratibu wa kuokoa maisha ukawa unampandishia mtu alama za ulevi. Polisi wanakamata, kipimo kinahesabu waliokamatwa, ripoti inarudi kwa polisi kusema wako wengi.

Kuna na lile swali la kwanza kabisa: je, unajiona kuwa mnywaji wa kawaida? Kawaida ya nani, na ya wapi? Kipimo kile kilikuwa kimejaribiwa kwa watu wa Michigan. Hapakuwa na mtu aliyekwisha kukaa na Wainupiat kujua kama majibu yao kwa maswali hayo yanapima kitu kilekile.

Sisi huku tunalijua tatizo hili hata kama hatulitaji. Dodoso la Shirika la Afya Duniani, linaloitwa AUDIT, lina maswali kumi, na la pili linauliza siku ukinywa unakunywa vinywaji vingapi. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja swali hilo Kilimanjaro, uani kwake, baada ya shikamoo na habari za migomba. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mbege inanywewa kwa kata, na kata inazunguka. Sasa hicho kimoja unachotaka kuandika ni cha nani?" Nikaandika nilichoandika. Bahati nzuri watafiti wa Moshi wamelipima dodoso hilo upya kwa Kiswahili kwa wagonjwa wa huko, lakini kulipima kwa mtu aliyelazwa hospitali ni jambo moja, na kulipeleka kwa mnywa ulanzi wa Iringa au mnazi wa Tanga ni jambo jingine.

Basi tungeweza kuishia hapo na kusema Barrow waliharibiwa na kipimo kibovu. Wengi huishia hapo. Lakini miaka hiyohiyo, mji huohuo, kulikuwa na utafiti mwingine, na kwangu mimi huo ndio unaoeleza zaidi.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku Wainupiat kuwinda nyangumi aina ya bowhead, kwa sababu wanasayansi walikuwa wamehesabu na kuona wamebaki wachache, mamia au elfu moja na kitu. Wawindaji wakasema hesabu si sahihi. Mwanasayansi anakaa ukingoni mwa barafu na darubini, anahesabu wanaopita karibu kwenye maji wazi. Wawindaji, akiwemo mzee Harry Brower, nahodha wa uwindaji wa Barrow, walijua kwamba nyangumi hupita pia mbali na ukingo, na hupita chini ya barafu, wakiipasua kwa kichwa ili kuvuta pumzi. Safari hii North Slope Borough haikuishia kulalamika. Iliajiri wanasayansi wake, ikaweka vinasa sauti ndani ya maji, ikawasikiliza nyangumi ambao macho hayawaoni. Hesabu ikapanda mwaka hadi mwaka. Kufikia 2001 makadirio yalikuwa yamepita nyangumi 10,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni kuzaliana, lakini sehemu kubwa ya tofauti ya mwanzo ilitokana na namna ya kuhesabu.

Serikali ileile, pesa ileile ya mafuta, wazee walewale. Kwenye nyangumi walioulizwa kwanza ni wanaojua, na kwenye pombe walioulizwa kwanza ni wanaokamata. Ndiyo maana sikubali kusema Wainupiat hawakuwa na uwezo wa kusimamia utafiti mwaka 1979. Walikuwa nao, na wakautumia vizuri kuliko wakosoaji wao.

Yaliyofuata baada ya taarifa ya Philadelphia yameandikwa na watafiti wengi waliokipitia kisa hiki: hasira na aibu mjini, na hati fungani za serikali yao kushuka thamani machoni mwa wakopeshaji, mpaka baadhi ya miradi ikakosa fedha. Mkopeshaji anasoma gazeti kama watu wengine. Na hili ndilo ambalo fomu ya ridhaa haikuligusa. Kila mmoja wa wale 88 aliulizwa kama anakubali kuhojiwa, na jina lake likafichwa vizuri. Jina la Barrow halikufichwa. Aliyeumia ni pamoja na mtu ambaye hakuhojiwa, hajawahi kunywa, na alikuwa akisubiri nyumba.

Kwa haki ya Foulks, mwaka 1989 yeye mwenyewe aliandika makala ndefu kuhusu jinsi ushirikiano ulivyovunjika kwenye utafiti ule, na jarida likawaalika wenzake kumjibu kwenye toleo hilohilo. Baadhi walimjibu kwa ukali. Sijaona watafiti wengi wa kiwango chake wakifanya hivyo.

Kuna watu, baada ya kusikia kisa kama hiki, hukata shauri kwamba dawa ni kunyamaza. Usiandike pombe ya wenyeji, utawanyanyapaa. Mimi siwaungi mkono. Mwaka 1984 Robin Room, mtafiti mashuhuri wa mambo ya pombe, aliwachokoza wanaanthropolojia kwa kuwaambia kwamba wao, kwa kuwapenda wenyeji wao, wanalifanya tatizo la pombe lionekane dogo kuliko lilivyo. Waliandika jinsi pombe inavyounganisha ukoo na kupatanisha wagombanao, wakamwacha nje ya maandishi yule mama anayepigwa usiku. Walimjibu, wengine kwa hasira, lakini hoja yake haijafa. Nimeshahudhuria vikao ambako heshima kwa mila ilikuwa njia ya adabu ya kutouliza kitu.

Ndiyo maana napenda sana kisa cha Fitzroy Crossing, mji mdogo kaskazini mwa Australia Magharibi, bonde la watu wa asili wa makabila kadhaa. Mwaka 2007, baada ya misiba kufuatana, wanawake wa huko waliamua wamechoka kuzika. Viongozi wao, miongoni mwao June Oscar na Emily Carter wa kituo cha wanawake cha Marninwarntikura, waliomba serikali izuie pombe kali na bia ya kawaida kuuzwa ya kubeba. Si kila mtu mjini alifurahi, na wengine waliwageuka waziwazi. Zuio likaanza Oktoba mwaka huo.

Kisha wakafanya jambo ambalo lingeweza kuwaletea aibu kubwa kuliko ile ya Barrow. Walitaka kujua ni watoto wangapi walizaliwa na madhara ya pombe iliyonywewa na mama mjamzito. Hakuna swali linalomgusa mama kwenye kidonda kama hilo. Wao ndio waliowatafuta madaktari, na si madaktari waliowatafuta wao. Utafiti ukapewa jina la lugha yao, Lililwan, na ukalenga watoto wote wa bonde lile waliozaliwa 2002 na 2003. Walezi asilimia 95 walikubali kuhojiwa. Anayefanya kazi hii anajua asilimia 95 ni kitu gani. Kuna kata ambako tulikuwa tukipata nusu tukashukuru Mungu.

Watoto 108 wakapimwa, na karibu mmoja kati ya watano alikutwa na madhara hayo. Takwimu hiyo ni nzito, miongoni mwa za juu kabisa zilizowahi kuandikwa duniani. Magazeti ya Australia yaliitangaza, naam, lakini waliosimama kuielezea walikuwa wanawake wa bonde lenyewe, na walieleza pia wanachotaka kifanyike. Kila mtoto aliyepimwa aliandikiwa mpango wake wa matibabu na shule. Miaka kumi baada ya kuomba zuio, mwaka 2017, June Oscar aliteuliwa kamishna wa haki za watu wa asili wa nchi nzima.

Takwimu za Fitzroy ni chungu kuliko za Barrow na bado hazikuwaangusha wenyewe. Wataalamu wa maadili wataniambia ni suala la lugha nzuri kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Nadhani jambo lenyewe linaanza mapema zaidi ya hapo. Mtu aliyeomba kujua ugonjwa wake husikia jibu tofauti na mtu aliyesomewa ugonjwa wake kwenye redio ya jirani.

Alaska nako mambo yaligeuka. Miaka ya 1990 wenyeji waliokuwa kwenye harakati za kuacha pombe walianza kuhoji kwa nini kila mtafiti anakuja kuhesabu walevi. Wapo wasiokunywa, wapo walioacha. Mbona hao hawaulizwi walifanyaje? Kutokana na hoja hiyo ukazaliwa utafiti ulioitwa People Awakening, ukiongozwa na Gerald Mohatt wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks pamoja na baraza la wenyeji. Waliojitolea kusimulia maisha yao walizidi mno idadi iliyopangwa, na mwishowe masimulizi ya watu 101 yakarekodiwa. Vijiji vya Wayup'ik, wenyeji wengine wa Alaska, vikayatumia kutengeneza mafunzo yao ya kuwakinga vijana na pombe na kujiua.

Na wasiokunywa ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walichukua takwimu za taifa zima la Marekani wakalinganisha wenyeji na wazungu: kwa mwezi uliopita, karibu asilimia 60 ya wenyeji hawakuwa wamegusa pombe, dhidi ya asilimia 43 ya wazungu. Kwa walevi wa kupindukia, makundi mawili yalikaribiana. Hii haifuti vifo, kwa sababu ukiwa kijijini mbali na hospitali, masikini, chupa ileile inaua haraka zaidi. Lakini ile imani ya zamani kwamba damu yao haistahimili pombe haina pa kusimama.

Barrow yenyewe, kwa taarifa ya wanaopenda kujua mwisho wa visa, iliendelea kupiga kura juu ya pombe. Ilipiga marufuku kabisa kuanzia Novemba 1994, ikafungua baada ya mwaka mmoja, ikafunga tena Machi 1996. Madaktari wakahesabu wagonjwa: marufuku ilipowekwa, waliofika hospitali kwa sababu za pombe walipungua sana, ilipoondolewa wakarudi, iliporudishwa wakapungua. Utafiti huo ulichapishwa 1997 kwenye jarida kubwa la madaktari wa Marekani na jina la mji limetajwa kwenye kichwa cha habari. Ulihusu uamuzi walioufanya wenyewe kwenye sanduku la kura, nao ungeweza kuwasaidia kupiga kura inayofuata. Tangu mwishoni mwa 2016 mji unaitwa rasmi Utqiaġvik, jina la Kiinupiat, nalo lilipita kwa kura.

Narudi kwetu kidogo, kwa sababu wapo watakaosoma haya na kusema ni mambo ya Marekani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ni watu elfu moja na ushei, na wamefanyiwa utafiti mfululizo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: chakula chao, usingizi wao, mwendo wao, vinyesi vyao. Pombe iliongezeka kwao pale watalii walipoanza kuleta fedha taslimu upande wa Mang'ola, na watafiti wameliandika hilo pia. Ruhusa za utafiti zipo, za COSTECH na za NIMR, taasisi za serikali zinazotoa vibali vya utafiti, na ni halali. Lakini tazama zinavyosafiri. Barua inatoka Dar es Salaam, inagongwa muhuri mkoani, inagongwa wilayani, inafika kwa mtendaji wa kijiji ikiwa na mihuri mingi kiasi kwamba hakuna anayethubutu kuikataa. Mtendaji anakupa mwenyeji wa kukutembeza. Watu wanajibu kwa sababu wameambiwa wajibu, tena kuna sabuni au kilo ya sukari mwishoni. Tunaita hiyo ridhaa ya jamii. Sijawahi kuona fomu yenye nafasi ya kijiji kuandika hapana.

Wanavajo, kabila la wenyeji wa Marekani, waliiweka nafasi hiyo. Tangu 1996 wana bodi yao wenyewe ya kukagua utafiti, na haiishii kwenye kuruhusu tu. Inataka kuiona makala kabla haijachapishwa. Watafiti hunung'unika kwamba huo ni udhibiti, kwamba unachelewesha, kwamba bodi inaweza kuzuia ukweli usiopendeza. Malalamiko yao yana uzito. Kungekuwa na bodi kama hiyo chini ya mwenyekiti wa kijiji ninayemfahamu mimi, mwenye kilabu chake cha pombe, dodoso langu lisingetoka. Hata hivyo, kati ya makala kuchelewa mwaka mzima na kijiji kusikia habari zake kwenye redio, nachagua makala ichelewe.

Siku hizi nikiitwa kwenye kazi ya kudodosa unywaji, swali langu la kwanza kwa mratibu ni nani kaomba. La pili ni lini tunarudi kuwasomea matokeo, kabla hayajaenda popote, na nauli ya safari hiyo iko mstari upi wa bajeti. Kwenye bajeti nilizozishika mkutano huo huandikwa mwisho kabisa, chini ya uchapishaji na posho za warsha, na fedha zikipungua ndio wa kwanza kukatwa.